Somo: Kupanda mboga ya pwani kwenye shamba lililoingiwa na chumvi (soma kwanza, uliza baadaye)

Tangu niweke humu picha ya jaruba langu la Gongoni, hapa pwani ya Kenya, simu hainipi pumzi. Swali ni moja: "Shamba langu limeingia chumvi, huo mmea wa ufukweni utalisafisha?" Utasaidia. Peke yake hautalisafisha. Maelezo kamili ndiyo haya, na kuanzia leo atakayeniuliza pembeni nitamrudisha hapa.

Mmea wenyewe mmeukanyaga mara nyingi. Unatambaa juu ya mchanga, shina lina wekundu, majani ni manene yaliyojaa maji, ua ni dogo la waridi lenye ncha tano. Jina la kitaalamu ni Sesuvium portulacastrum. Humu tuuite mboga ya pwani. Ukikata shina likatoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si wenyewe. Uache hapo hapo.

Hatua ya 1. Pima udongo na maji ya kisima kwa mita ya EC, kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme (namba zote hapa ni za dS/m). Chumvi ikizidi, namba inapanda. Udongo unahesabiwa kuwa wa chumvi ukifika 4. Bahari yenyewe hupita 50. Maharage huanza kupunguza mavuno udongo ukipita 1, vitunguu 1.2, mahindi 1.7, nyanya 2.5, kunde 4.9, mtama 6.8, pamba 7.7. Kwa hiyo kama udongo wako ni 3, huna haja na somo hili. Panda kunde, ule, ulale.

Hatua ya 2. Chukua bonge la udongo mkavu, litumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Kesho yake maji yakiwa yametibuka kama maziwa pembeni mwa bonge, tatizo lako si chumvi tu, ni magadi yaliyoushika udongo mpaka hauruhusu maji kupita. Huo unahitaji jasi ya shambani kwanza. Si ile ya kupigia dari.

Hatua ya 3. Tengeneza majaruba yenye kingo, na mfereji wa kutoa maji upande wa chini.

Hatua ya 4. Kata mashina yenye urefu wa kiganja, kila moja liwe na pingili mbili tatu. Fukia pingili mbili, acha ncha nje, nafasi ya futi moja. Usisafishe ufukwe mzima: huo mmea ndio unaoshika mchanga usipeperuke. Kata kidogo hapa, kidogo pale. Na usikate karibu na mitaro ya maji machafu wala gati za mashua, kwa sababu mmea huu hunyonya pia metali za sumu, yaani madini ya risasi na kadimiamu, na hizo hazitoki kwa kuchemsha.

Hatua ya 5. Mwagilia mpaka mashina yashike, basi.

Hatua ya 6. KATA NA UTOE NJE YA SHAMBA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza msimu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Chumvi ambayo mmea umeitoa ardhini imo ndani ya majani. Ukikata ukayaacha yaoze palepale kama matandazo, mvua ya kwanza inairudisha yote ulikoitoa. Kata matawi ya juu, acha mashina ya chini yachipue tena, pakia kwenye mkokoteni uondoke nayo. Usifanye mboji ya bustani. Usifukie. Usimpe jirani akatandaze kwenye mchicha wake halafu mje kugombana. Yapeleke kwa mbuzi, jikoni, au chini ya minazi.

Ukishafanya hivyo usijione umemaliza, kwa maana hesabu inakungoja. Utafiti wa Tamil Nadu, India, uliochapishwa 2007, ulikuta mboga hii inatoa takriban kilo 474 za chumvi katika hekta moja kwa miezi minne. Zinasikika nyingi. Zilete kwenye jaruba la mita kumi kwa kumi: ni kama kilo tano. Sasa jaruba hilo hilo ulinyweshee madebe 25 kwa siku kutoka kisima chenye EC 3. Kila lita ina gramu mbili kasoro za chumvi, kwa hiyo umeingiza karibu kilo moja kwa siku. Kazi ya mmea ya miezi minne umeifuta kwa siku tano au sita! Ndiyo maana nikasema pima na maji pia. Mwenye kisima cha chumvi anayemwagilia kila jioni hapunguzi kitu.

Hatua ya 7. Mvua ndiyo inayoosha. Kwa kawaida maji ya kina cha sentimita 15 yakipita kwenye sentimita 30 za udongo wa juu huondoa nusu ya chumvi iliyomo, na yakiwa sentimita 30 huondoa kama asilimia 80. Yapite, yasituame. Kwa hiyo panda mboga mwishoni mwa vuli, ikae wakati wa kaskazi ikifunika udongo usikauke na kuvuta chumvi juu, kata na utoe nje kabla ya mvua za mwaka (masika), kisha ziba kingo za majaruba Aprili na Mei maji yazame. Mizizi nayo inakuwa imefungua njia. Baada ya hapo pima tena. Ikishuka chini ya 5, anza na kunde au mtama. Nyanya zisubiri.

Hatua ya 8, jikoni. Chemsha kwa maji mengi, mwaga, chemsha tena, kamua. Halafu kitunguu, tui la nazi, pilipili, ndimu. CHUMVI USITIE. Ukiichanganya na mtsunga, ule uchungu na huu umunyu vinapatana vizuri kwa sima.

Maswali sasa.

Mkulima Chipukizi: Bei gani mbegu?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Baba Nuru: Sijasoma yote ni refu, lakini nimesikia inatibu presha na sukari. Ni kweli? Mamangu anaumwa.

Mwandishi: Ndugu, kama ni mama, soma yote. Presha ni kinyume kabisa. Majani haya yamejaa sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu tano za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa chakula chote. Mwenye presha au figo asiiguse bila kumuuliza daktari wake. Ina oksaleti pia, kitu kinachochangia mawe ya figo, kwa hiyo aliyewahi kupata mawe ya figo akae mbali. Ni mboga. Dawa za mama zisisimamishwe kwa sababu ya kitu ulichosikia.

Baba Nuru: Sawa, nimekuelewa. Lakini usinifokee.

Mwandishi: Sikufokei wewe, nawafokea waliokuambia. Mpe mama pole.

Bi Shela: Asalaam aleikum. Mimi niko Lamu. Nimechanganya kikombe kimoja cha udongo na vikombe vitano vya maji ya mvua, mita ikasoma 0.6. Nikafurahi, lakini mchicha wangu unaungua ncha. Nakosea wapi?

Mwandishi: Wa aleikum salaam Bi. Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, na kosa ni langu kutolieleza kwenye hatua ya 1. Namba nilizotaja ni za maji yaliyokamuliwa kwenye udongo ulioloweshwa tu hadi ukawa uji. Wewe umeyazimua mara tano. Ukipima hivyo, zidisha: udongo wa kichanga wenye tifutifu kidogo mara 14 hivi, wa mfinyanzi mara 7 hivi. Na moja kwa tano iwe kwa uzito, kwa hiyo tumia mizani ya jikoni badala ya kikombe. Huko kwenu ni mchanga, basi 0.6 yako ni kama 8. Mchicha unaungua kihalali.

Bi Shela: Allah! Sasa nimefahamu. Na hiyo chumvi ndani ya jani, mbona haiuui mmea wenyewe?

Mwandishi: Kila seli ya jani ina kifuko kikubwa cha maji katikati. Mmea unaisukuma chumvi humo na kuifungia, mbali na sehemu zinazofanya kazi. Ndiyo maana majani ni manene: maji mengi yanaizimua. Mimea mingine ina njia zake. Mkoko unachuja kwenye mizizi, chumvi nyingi inabaki nje. Mchu unaiacha ipite kisha unaitoa kwenye majani. Mchana wa jua, ukienda upande wa mikokoni, lamba jani la mchu utaisikia. Ila kukata ni mambo ya kibali, mkono wako ubaki kwenye kulamba.

Mfugaji wa Marereni: Mbuzi wangu wanaila kama karamu. Niwape kiasi gani?

Mwandishi: Isizidi theluthi ya malisho, kilichobaki kiwe nyasi au majani makavu. Na maji matamu muda wote, maana watakunywa kuliko kawaida. Ukiwapa mboga ya chumvi na maji ya chumvi pamoja, watakonda huku wakila.

Simba wa Shamba: Hizo hesabu ni za darasani. Mimi namwagilia maji ya kisima cha munyu na mboga imestawi hadi inapanda ukuta.

Mwandishi: Bila shaka imestawi, ni mmea wa chumvi. Sikusema itakufa. Nimesema udongo hautapungua chumvi. Pima udongo, si urefu wa mboga.

Simba wa Shamba: Sina mita.

Mwandishi: Basi tumemaliza.

Mtoto wa Mambrui: Shikamoo ami. Kisima chetu kilikuwa kitamu, tangu tuweke pampu kimegeuka. Tuchimbe zaidi?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Msichimbe zaidi, mtaifuata chumvi yenyewe. Karibu na bahari maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ardhini. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Sasa geuza: ukishusha maji ya juu kwa mita moja, mpaka wa chumvi chini unapanda kuelekea mita 40. Pampu inashusha kwa kasi, ndoo haishushi. Rudini kuteka kidogo kidogo, asubuhi na jioni, visima viwili vifupi badala ya kimoja kirefu, na maji ya paa yaelekezwe ardhini. Kitarudi polepole, huenda baada ya misimu kadhaa ya mvua.

Mtoto wa Mambrui: Ahsante ami, nitamwonyesha baba. Na ule mti wa mswaki, nao si unaota kwenye chumvi?

Mwandishi: Naam, unavumilia chumvi na ukame, na kwenye mpaka wa shamba hukata upepo. Faida yake kwa meno si maneno ya wazee tu, Shirika la Afya Duniani liliupendekeza 1986. Tumia kijiti kibichi, tafuna ncha hadi iwe nyuzi, na ukate ncha hiyo ikishachakaa. Wengi hutumia ncha moja mpaka inanuka, halafu wanalaumu mti.

Bi Shela: Ukasema majani yatupwe chini ya minazi. Haitakufa?

Mwandishi: Mnazi unaihitaji kloridi iliyo ndani ya chumvi. Ufilipino wakulima humwagia mnazi mkubwa wa bara kilo moja na nusu hadi mbili za chumvi kwa mwaka kama mbolea. Wa kwenu Shela usiuongeze kitu, upepo wa kusi unamletea wake bure.

Mkulima Chipukizi: Kwa hiyo mbegu hamna?