Kutandika grini ya nyasi bandia uani kwako

Watu wanaoniita niwatengenezee grini, yaani uwanja mdogo wa nyasi fupi wa kusukumia mpira wa gofu shimoni, huanza kuniuliza habari za nyasi: ndefu kiasi gani, rangi ipi, zitadumu miaka mingapi. Mimi huwauliza habari za ardhi. Maji ya mvua yanakimbilia upande gani? Mizizi ya ule mti imefika wapi? Kuna bomba au waya uliopita chini? Mpira wa gofu hauzidi gramu 46, na unapokaribia kusimama hufuata kila kibonde, hata kile usichokiona kwa macho. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye msingi, na nyasi nitazipitia haraka.

Anza kwa kuchora umbo. Chukua kamba nene, ilaze chini, uisogeze hadi upate mzunguko unaoupenda, kisha upigie chokaa. Eneo la mita 4 kwa 6 linatosha mashimo mawili au matatu. Kila shimo liwe walau sentimita 60 kutoka ukingoni, mpira uliopitiliza upate pa kusimamia. Kivuli cha mti ni kizuri, ila mti unaodondosha matunda au utomvu utakupa kazi ya usafi kila siku.

Chimba sentimita 12 hadi 15, uondoe udongo wote wa juu wenye mizizi na majani. Usiuonee huruma: vilivyomo huoza, udongo ukanywea, na grini ikabonyea. Shindilia kitako, halafu tandaza kitambaa kigumu kinachopitisha maji. Hicho huzuia kokoto zisizame kwenye udongo, hasa udongo wa mfinyanzi.

Juu yake mwaga kokoto za kusagwa zilizochanganyika, kuanzia vumbi hadi milimita 20. Kokoto za mtoni ziache, kwa kuwa ni laini na za mviringo, haziumani hata ushindilie kutwa. Mwaga sentimita 5, nyunyiza maji kidogo, pitisha mashine ya kushindilia, ndipo uongeze sentimita 5 nyingine. Ukimwaga zote kwa mara moja, mashine hubana juu tu na chini kunabaki kulegea. Ardhi iinamie mbali na ukuta wa nyumba, sentimita 1 au 2 kwa kila mita. Ukitaka vilima vya kuupindisha mpira, vijenge sasa hivi kwa kokoto hizohizo, lakini mita moja kuzunguka kila shimo pabaki karibu tambarare. Mteremko mkali kando ya shimo hauongezi utamu wa mchezo, unakera tu.

Sasa vikombe. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na vikombe vya kipimo hicho vinauzwa tayari. Chimba pana kuliko kikombe, weka kokoto chini yake maji yapate njia, kisha kizungushie zege. Kikombe kisimame wima hata kama ardhi imeinama, la sivyo bendera italala upande. Mdomo wake usichomoze juu ya uso wa mwisho wa msingi. Ukichomoza hata milimita chache, nyasi zitanyanyuka kama pete kuzunguka shimo, na mpira uliokuwa unaingia utapinda dakika ya mwisho.

Ziba vikombe kwa matambara, kisha tandaza vumbi la mawe sentimita 2 au 3. Livute kwa ubao ulionyooka, nyunyiza, shindilia, vuta tena. Hapa sikubali haraka ya mtu yeyote, awe mteja au fundi mwenzangu. Giza likiingia, laza kurunzi chini kabisa, mwanga upite juu ya uso wa vumbi. Vibonde vyote vitajitokeza kwa vivuli vyao. Vizungushie alama, ongeza vumbi, shindilia. Asubuhi viringisha mipira kutoka kila upande. Ikitetereka sasa, itatetereka hata chini ya nyasi ghali kuliko zote.

Nyasi za grini ziwe fupi, milimita 10 hadi 15. Za nailoni hurudi wima upesi zikikanyagwa. Za polipropilini ni nafuu na hutegemea zaidi mchanga. Zikunjue juani saa kadhaa mikunjo iishe. Kama unaunga vipande viwili, hakikisha nyasi zimelalia upande mmoja, vinginevyo utapata rangi mbili na kasi mbili katika uwanja mmoja. Kiungo kikae mbali na mashimo, na kishikwe kwa utepe na gundi kutoka chini. Misumari ni ya ukingoni tu, kila sentimita 15 hadi 20. Papasa kwa kidole upate kikombe, kata kuanzia katikati kwenda nje, kisha fuata mdomo wake kwa kisu kikali.

Mwisho ni mchanga wa silika, mkavu, wenye chembe za mviringo. Nyunyiza kiasi kidogo, fagia kwa brashi ngumu dhidi ya ulalo wa nyasi, rudia. Kadiri mchanga unavyoongezeka ndivyo mpira unavyokimbia. Kasi hupimwa kwa stimpimita, kifaa alichokibuni Edward Stimpson mwaka 1935: ni ufito wenye mfereji unaouachia mpira uteremke, kisha unapima umbali uliokwenda. Kwa nyumbani futi 9 au 10 zinatosha kabisa. Ishia grini ikiwa bado nzito kidogo, yaani mpira ukienda polepole, maana mvua za mwanzo zitaushusha mchanga na uso utakaza. Kuongeza mchanga ni rahisi, kuutoa ni mateso.

Jua likiwaka, nyasi bandia hupata joto kuliko nyasi za kawaida, kwa hiyo zimwagilie maji kabla watoto hawajacheza peku. Majani yafagie mapema, na usitumie reki ya chuma.