Jinsi ya Kupima Thamani ya Maktaba ya Mtaa: Mwongozo Kutoka Lubumbashi

Kila mara maktaba ya komine, yaani wilaya ya mji, inapoomba msaada hapa Lubumbashi, Kongo, iwe ni Katuba, Kenya (jina la komine, si nchi) au Ruashi, wenye fedha huuliza swali lilelile: kitu hicho kinaleta faida gani? Mkutubi hujibu kwa idadi ya vitabu vilivyo kwenye rafu, ilhali idadi hiyo inaeleza mali ya maktaba tu na haisemi lolote kuhusu faida ambayo watu wanaipata. Nimefanya kazi hii ya upimaji kwa miaka kadhaa katika maktaba ndogo za Lubumbashi, na hapa ninaeleza njia ninayoifuata. Hesabu zote za faranga zilizomo ni za mfano, ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi kisha aweke takwimu zake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: amua unapima nini

Thamani ya maktaba ina sehemu zaidi ya moja. Iko thamani ya matumizi, ambayo humfikia anayeazima kitabu, anayesoma gazeti au anayeketi mezani kujiandaa kwa mtihani. Iko pia thamani ya mtu asiyeingia maktabani leo lakini anafurahi kwamba mlango uko wazi, kwa sababu huenda kesho ataihitaji yeye mwenyewe au wataihitaji wajukuu zake. Njia inayopima sehemu ya kwanza haiwezi kupima ya pili, na ripoti nyingi huharibika hapo. Andika katika sentensi moja ni sehemu ipi unaitafuta na ni nani atakayesoma matokeo, kabla hujachapisha dodoso hata moja.

Hatua ya pili: hesabu matumizi halisi

Daftari la wanaoazima halitoshi, maana wasomaji wengi hawaazimi chochote. Mweke mtu mlangoni kwa wiki nzima, mara nne kwa mwaka, aandike kila anayeingia, saa aliyoingia na jambo lililomleta. Usichague wiki za kabla ya mtihani wa taifa peke yake, kwa sababu siku hizo chumba hujaa kupita kawaida. Na usichague wiki za mvua kubwa peke yake, kwa sababu watoto wa mbali hawaji. Tofauti baina ya wiki hizo nne ni habari muhimu, nayo iandikwe katika ripoti badala ya kufichwa ndani ya wastani.

Andika pia wanaokuja kwa ajili ya taa. Umeme unapokatika nyumbani, maktaba yenye paneli ya jua huwa ndiyo meza pekee ambapo mwanafunzi anaweza kusoma jioni, hata kama hagusi kitabu cha maktaba.

Hatua ya tatu: tafuta bei ya kile ambacho msomaji angefanya

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Tuseme maktaba inaazimisha vitabu mara 4,000 kwa mwaka, na kitabu kipya kinauzwa faranga 25,000. Anayezidisha namba hizo mbili hupata faranga 100,000,000, kisha hushangaa kwamba hakuna anayemwamini. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyekosa kitabu maktabani haendi kununua kipya. Hupiga fotokopi kurasa anazozihitaji, humwomba mwenzake, au huacha. Kwa hiyo waulize wasomaji: «Kama kitabu hiki kisingekuwepo hapa, ungefanya nini?»

Tuseme nusu wanajibu kwamba wangepiga fotokopi kurasa 30 kwa faranga 100 kila ukurasa, robo wangeazima kwa rafiki, na robo wangeacha. Nusu ya kwanza ni mara 2,000, na kila moja ina thamani ya faranga 3,000, yaani jumla ya faranga 6,000,000. Walio na rafiki mwenye kitabu wahesabiwe sifuri. Wale ambao wangeacha ndio wagumu: hawakuwa tayari, au hawakuwa na uwezo, kutoa faranga 3,000, lakini kitabu kiliwafaa. Mimi huwahesabu sifuri katika makadirio ya chini na nusu ya bei katika makadirio ya juu, ambayo hapa huongeza faranga 1,500,000. Matokeo ni kati ya faranga 6,000,000 na 7,500,000. Ni kidogo kuliko milioni mia moja, lakini unaweza kuyatetea mbele ya mhasibu yeyote.

Nauli na muda wa safari pia huonyesha thamani, kwa kuwa mtu anayepanda teksi kutoka Ruashi hadi katikati ya mji ameshalipa kabla ya kufungua kitabu. Wachumi wengi huhesabu saa ya safari kwa sehemu tu ya mshahara wa saa, mara nyingi theluthi. Muda wa mtoto wa shule usipewe mshahara.

Hatua ya nne: uliza kaya zingekubali kulipa kiasi gani

Njia hii ndiyo inayofika hata kwa wale wasioingia maktabani. Ilijadiliwa sana baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, ilipotumika kukadiria hasara hata kwa watu wasiofika huko kamwe. Mwaka 1993 jopo la wataalamu lililoongozwa na wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow lilitoa masharti ambayo bado yanafuatwa. Mawili kati yake nayashika daima: swali liwe la ndiyo au hapana kwa kiasi kilichotajwa, na mhojiwa akumbushwe kwamba fedha hiyo itatoka katika matumizi yake mengine. British Library ya London ilitumia njia ya aina hii, na mwaka 2004 ilitangaza kwamba kila pauni 1 ya fedha za umma iliyopewa ilizalisha pauni 4.40. Hiyo ni maktaba ya taifa, kwa hiyo uwiano wake usihamishiwe kwenye chumba kimoja cha Katuba.

Swali liulizwe kwa Kiswahili cha hapa mjini, si kwa Kifaransa cha ofisini. Ninalolitumia ni hili: «Mama, tuseme maktaba ya kartie haina tena njia ya kuendelea, na kila nyumba inaombwa faranga elfu moja kwa mwezi ili isifungwe. Ukikumbuka kodi ya nyumba, unga wa bukari na minervali ya watoto, nyumba yenu itakubali ao hapana?» (Kartie ni mtaa, bukari ni ugali, minervali ni ada ya shule.) Mara ya kwanza nilisahau kueleza kwamba hilo ni swali la utafiti tu. Wazazi walidhani ada inakuja, na wiki iliyofuata watoto walipungua. Ilinibidi nirudi nyumba kwa nyumba kuwatuliza. Tangu hapo maelezo hayo ndiyo yanayotangulia.

Anayejibu hapana aulizwe sababu. Katika mji huu, ambako kwa miongo mingi kampuni za migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, ziliwapa wafanyakazi wao shule na hospitali, wazee wengi husema kwamba kazi hiyo ni ya serikali au ya kampuni. Mtu huyo hakusema kwamba maktaba haina thamani. Amekataa namna ya kulipa. Weka majibu ya namna hiyo kando na utaje idadi yake.

Sasa hesabu. Kaya 200 zilizobaki, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zimegawanywa katika makundi manne ya kaya 50, na kila kundi limeulizwa kiasi chake. Waliokubali ni 40 kwa faranga 500, 30 kwa faranga 1,000, 15 kwa faranga 2,000, na 5 kwa faranga 4,000. Yaani asilimia 80, 60, 30 na 10. Zidisha kila kiasi kwa sehemu ya watu wanaoishia hapo, yaani asilimia iliyokubali kiasi hicho ukitoa iliyokubali kiasi kinachofuata: 500 kwa asilimia 20, 1,000 kwa asilimia 30, 2,000 kwa asilimia 20, na 4,000 kwa asilimia 10. Utapata 100, 300, 400 na 400, jumla faranga 1,200 kwa kaya kwa mwezi, na hicho ni kiwango cha chini. Eneo likiwa na kaya 3,000, ni faranga 43,200,000 kwa mwaka. Ikiwa robo ya kaya zote ulizozitembelea, pamoja na zile ulizoweka kando, hazikukupa jibu la kuhesabika, zihesabu kuwa sifuri. Zitabaki faranga 32,400,000. Uliza kwa faranga tupu: ukichanganya na dola, majibu yatayumba pamoja na bei ya siku.

Hatua ya tano: yale yasiyoingia katika faranga

Mama aliyejifunza kusoma hati ya kiwanja chake, au kijana aliyepata mahali pa utulivu, asilazimishwe kuwa namba. Kiwango cha kimataifa cha kupima athari za maktaba, ISO 16439 cha mwaka 2014, kinakubali ushahidi wa mahojiano sambamba na takwimu. Nasikiliza watu kumi na watano hadi ishirini, wakiwemo walioacha kuja, na kila mmoja namuuliza ni nini kilichobadilika na ni nini kingine kilichochangia, ili maktaba isipewe sifa ya mwalimu au ya mzazi. Ruhusa iombwe kwanza, na majina yasiandikwe.

Hatua ya sita: weka gharama zote, kisha linganisha

Gharama ni pamoja na kodi ya chumba, mlinzi, betri, muda wa wanaojitolea na bei ya vitabu vya zawadi. Tuseme ni faranga 12,000,000 kwa mwaka. Basi kila faranga 1 inaleta faranga 2.7 kwa hesabu ya kaya (32,400,000 kugawanya kwa 12,000,000). Usijumlishe matokeo ya hatua ya tatu na ya nne, kwa sababu anayekubali kulipa tayari ameweka ndani ya jibu lake faida ya kitabu anachoazima. Yaweke kando kwa kando kama vipimo viwili.

Kwa burugumestre, mkuu wa komine, peleka ukurasa mmoja wenye kiwango cha chini, gharama na masimulizi mawili. Dodoso na karatasi za kuhesabu ziambatishwe nyuma, nakala nyingine ibaki maktabani, ili mwaka ujao hesabu irudiwe katika wiki zilezile.