Kuchoma chetezo kisipasuke

Chetezo changu cha kwanza, chombo cha udongo cha kufukizia ubani, kilipasuka motoni kwa kishindo, majirani wakatoka nje. Nikazilaumu kuni, kumbe mvua za masika zilikuwa zimeipiga Kisauni wiki nzima na udongo ulikuwa mkavu wa macho tu.

Uguse shavuni: ukiona ubaridi, maji bado yamo. Uache kivulini. Siku ya kuchoma, anza na moto mdogo wa makumbi kwa saa mbili tatu, kwani maji ya kukandia hugeuka mvuke nyuzi 100, na mvuke ukikosa pa kutokea huvunja ukuta.

Kisha tia vifuu, moto upande. Kuna maji mengine, yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe. Kaolini, madini ya udongo wa kufinyangia, ni vibapa vyembamba vilivyopangana, na kati ya nyuzi 450 na 600 hivi vifungo vyake hulegea: kama asilimia 14 ya uzito wa kaolini safi hutoka ikiwa mvuke, mpangilio ukavurugika, ikabaki metakaolini, yaani kaolini iliyopoteza maji yake. Huko hakuna kurudi. Mimi huweka kigae cha majaribio pembeni. Kikipoa nakitumbukiza ndooni. Kikigeuka tope, moto haukutosha.

Sina kipimajoto, kwa hiyo huchoma baada ya magharibi. Chombo kikianza kung'aa wekundu wa mbali gizani, nyuzi 500 zimeshapita. Nyuzi 573 chembe za kwatzi, madini magumu yaliyo ndani ya mchanga tunaochanganya na udongo, hutanuka ghafla, na zikipoa hujikunja vivyo hivyo. Basi usifukue jivu usiku ule kwa pupa.

Mchanga nao! Usichote pwani. Wetu umejaa matumbawe na makombe, na moto mkali huyageuza chokaa, kama walivyofanya wachoma chokaa wetu tangu zamani. Chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Mteja alinirudishia chetezo baada ya siku chache: tumboni kibanzi kimebanduka, chini yake punje nyeupe. Nikamrudishia pesa. Siku hizi naponda vigae vya zamani, nachanganya hivyo.

Karibu nyuzi 1,000 na zaidi huzaliwa fuwele mpya, ikiwemo mulaiti iliyomo kwenye kaure za Kichina zilizowekwa Fort Jesus. Moto wangu wa uani haufiki huko, wala ubani hauhitaji.

Asubuhi kitoe, kipige kwa kifundo cha kidole. Kikilia ngo, tia kaa.