Mzazi akienda kubadilishwa goti, tayarisha haya mapema

Mama alibadilishwa goti la kulia mwaka jana hapa Kisumu. Nilidhani kazi ni ya daktari. Yake ni saa moja au mbili. Miezi inayofuata ni yako.

Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani. Ondoa mikeka na nyaya sakafuni. Ndara tupa. Kiti kiwe cha juu chenye mikono. Makochi ya kuzama waachie wageni. Choo cha shimo kinataka kuchuchumaa na yeye hataweza, basi fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu kabla ya upasuaji, si baada. Barafu tulinunua kwa wauza samaki, tukaifunga kwa leso isimguse ngozi.

Sasa mto. Hapa ndipo tulipoungua.

Shangazi alifika kutoka Bondo, akamkuta Mama amekunja uso, akakunja mto na kuusukuma chini ya goti. Mama akashusha pumzi: "Afadhali." Sote tukamsifu shangazi. Kwa karibu wiki tatu Mama alilala hivyo. Siku fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipokuja, alimlaza chali, akapitisha kiganja chini ya goti. Kikapita bila kugusa popote. "Huu mkono haukufaa kupita," akasema. Goti likikaa limekunjwa huku limevimba, nyama za ndani hukaza hivyo hivyo, kisha kulinyoosha ni vita. Mama akawa anatembea kama mtu ambaye mguu mmoja uko mtaroni, na nyonga ya pili nayo ikaanza kumuuma.

Mto huwekwa chini ya kisigino, goti libaki hewani, linyooke kwa uzito wake. Mama alilia. Shangazi akasema tunamtesa. Kumbe hata dawa ya maumivu tulikuwa tunampa baada ya mazoezi! Mpe nusu saa kabla, jinsi daktari alivyoandika.

Kukunja nako kuna hesabu yake. Goti likikunjika chini ya nyuzi 90, kuinuka kitini ni taabu, matatu usiseme. Mama aliketi, akavuta kisigino nyuma, nami nikachora chaki kwenye saruji kilipoishia. Kila asubuhi mstari mpya. Siku nyingine ulirudi mbele, tukanyamaza. Daktari alikuwa ameshatuonya: goti likigoma, mtu hurudishwa hospitali, anatiwa nusukaputi, likunjwe kwa nguvu. Hatukufika huko.

Kwenye ngazi, kupanda mguu mzima utangulie; kushuka, uliopasuliwa. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usilichue wala kulikanda kwa maji moto, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana, usingoje hata kukuche. Usaha au homa, vivyo hivyo. Boda boda asipande hata kama dereva ni mpwa wake. Na yule paka anayelala mlangoni, mpe jirani kwanza.