Ukimtafuta babu yako Mngereza, mtafute kwanza ndugu yake aliyewafuata Wamormoni

Mimi sikuanza na kompyuta. Nlianza na shangazi yangu, barazani kwake Shela, hii Shela yetu ya Malindi si ile ya Lamu, na kitabu kidogo cha sala ambacho jalada lake mende washalimaliza. Ukurasa wa kwanza kuna jina la mwanamke kwa wino uliogeuka rangi ya chai, chini yake imeandikwa Ledbury 1871, basi. Shangazi anasema ni kitabu cha mamake babu yake, yule Mngereza aliyekuja huku pwani na mambo ya shamba akaoa kwetu. Na kwa vile hapa mjini mzungu yeyote huitwa Mtaliano kabla hajafungua mdomo, nkamuuliza, shangazi una hakika alikuwa Mngereza? Akanijibu, "Mwanangu, Mtaliano gani huyo anakunywa chai mara tano kwa siku?"

Masharifu wa Lamu wana shajara zao za nasaba, mtu anakutajia baba na babu mpaka unachoka wewe kabla yake. Sisi wengine nasaba yetu upande mmoja inaishia kwenye picha moja iliyopasuka. Lakini Waingereza waliandika sana, na Wamormoni, wale wa kanisa lililoanzia Marekani, waliandika zaidi, na ukijua hawa wawili wanakutana wapi unaweza kufika mbali ukiwa umekaa hapa hapa na bando lako. Kila nikipita sokoni kuna mtu ananishika mkono aniulize nilifanyaje, basi naandika mara moja tuyamalize.

Kwanza kabisa maliza nyumbani. Wahoji wazee, piga picha kila karatasi, kila kaburi, nyuma ya kila picha pia manake huko ndiko watu huandika. Usiingie Uingereza na jina tupu, utazama, William na Thomas na Mary wa kule ni kama Omari na Fatuma wa huku. Unahitaji vitu vitatu, jina, mji na mwaka hata wa kukisia. Alafu jihadhari na hili, jina la Kizungu si lazima liwe damu ya Kizungu. Kama wazee wako walitoka Rabai au Freretown, kule misheni ya Kianglikana ya CMS ilikobatiza watumwa walioachiwa huru, huenda jina lilitolewa siku ya ubatizo tu, na mwenye jina kule Uingereza hana uhusiano wowote na nyinyi. Nyinyi njia yenu ni makaratasi ya CMS yenyewe ambayo yako Chuo Kikuu cha Birmingham, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

Haya, tuingie. Fungua akaunti FamilySearch, ni bure, tovuti ni ya kanisa la Wamormoni wenyewe, wale wa Salt Lake City. Najua swali linalokuja manake hata shangazi aliniuliza: hapana, kufungua akaunti hakukubatizi. Hawa watu walianza chama chao cha nasaba mwaka 1894 na kuanzia 1938 wakawa wanapiga maikrofilamu madaftari ya makanisa na serikali dunia nzima, sasa nyingi wamezitia kwenye intaneti. Ukiona kamera ndogo yenye alama ya ufunguo juu, hiyo picha haifunguki nyumbani, mpaka uende kwenye kituo chao, na vituo utaviona kwenye ramani yao. Kando ya hiyo weka FreeBMD, faharasa ya vizazi, ndoa na vifo, na FreeREG ya madaftari ya parokia, nazo bure.

Upande wa Uingereza kumbuka tarehe moja, 1 Julai 1837. Kuanzia siku hiyo serikali ndiyo inaandikisha vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales, kabla ya hapo ni kanisa. Mtu wako akiwa amezaliwa baada ya hapo kazi ni rahisi, faharasa ya ofisi yao ya vyeti inaitwa GRO, unaitafuta bila malipo (cheti chenyewe ndio unalipia) na uzuri wake inakupa hata jina la mamake alipokuwa kwao, kabla hajaolewa. Ukishapata hilo unatafuta ndoa ya wazazi, na cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana na baba wa bibi na kazi zao. Halafu sensa, kila miaka 10. Ya 1851 na kuendelea inasema nani ni nani ndani ya nyumba na kila mtu kazaliwa parokia gani. Ya 1841 nayo ina matatizo yake, haisemi uhusiano, na watu wazima umri wao umeshushwa mpaka kwenye tano iliyo chini, wa miaka 34 kaandikwa 30, basi usigombane nayo.

Yule mama wa kitabu cha sala nlimpata hivyo hivyo, jioni mbili tu, stima ikipotea ya tatu. Alizaliwa 1857, babake Thomas, fundi viatu, na baba wa huyo Thomas kwenye cheti cha ndoa ni William, kibarua. Nkajiona mjanja sana.

Kabla ya 1837 sasa ndio unaingia kwenye madaftari ya parokia. Amri ilitoka 1538 wakati wa Mfalme Henry wa Nane kwamba kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Si zote zimebaki, mengine yaliliwa na panya na unyevu, na wakati wa vita vyao vya wenyewe miaka ya 1640 makasisi wengi hawakuandika kitu. Daftari likikosekana uliza nakala za askofu, manake tangu 1598 parokia zilitakiwa kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka, mara nyingi nakala ipo na daftari halipo. Ndoa kuanzia 1754 zina sahihi za maharusi na mashahidi, asiyejua kuandika katia alama ya X. Ubatizo na mazishi kuanzia 1813 ni fomu iliyochapishwa, ubatizo una majina ya wazazi, wanakokaa na kazi ya baba, mazishi yana umri. Huo umri wa mazishi ushike vizuri, nitarudi.

Mambo ya kusumbua macho: tarehe iliyoko ni ya ubatizo, si ya kuzaliwa, na mtoto anaweza kuletwa baada ya wiki au baada ya miaka sita na wadogo zake wote siku moja. Wm ni William, Jno ni John, Jas ni James. Herufi s ya zamani inafanana na f, nlihangaika na mtu anayeitwa Jefse siku nzima kumbe ni Jesse. Ukiona base born ujue ni mtoto wa nje ya ndoa. Na mwaka wao wa zamani ulianza 25 Machi mpaka walipobadilisha kalenda 1752, kwa hivyo mtoto aliyebatizwa Februari 1723 kwa hesabu yetu ni 1724, la sivyo utaona mtoto kabatizwa kabla wazazi hawajaoana ukaanza kuwasengenya watu wa watu bure.

Sasa nilipokwama. Nlikuta akina Thomas wawili, wote baba William, wote kibarua, parokia mbili zinazopakana karibu na Ledbury, miaka miwili tofauti. Mmoja mamake Mary, mwengine mamake Hannah. Na cheti cha ndoa cha siku hizo hakitaji mama! Nkachagua wa Mary kwa sababu kuna mtu mtandaoni alikuwa ashamweka kwenye mti wake, nkanakili, nkapanda vizazi vitatu juu, nkaenda kumwonyesha shangazi. Wiki mbili baadaye napitia mazishi ya parokia ile ile kwa kupoteza muda tu nakuta Thomas, miaka 3. Nlikuwa nimemwoza marehemu wa miaka mitatu na kumpa watoto. Kwa hivyo kila ukimpata mtoto kwenye ubatizo, kabla hujafurahi, nenda mazishi ya miaka kumi inayofuata umtafute huko. Na miti ya watu wengine ichukue kama fununu ya sokoni, huenda ni kweli lakini muulize aliyesema kasikia wapi. Hata rekodi za zamani za FamilySearch zinazoitwa IGI zimechanganya, nyingine zimenakiliwa kutoka daftari lenyewe, nyingine mtu kazileta kutoka kichwani. Nambari ya bachi, yaani ya fungu la rekodi, ikianza na C, au M kwa ndoa, hiyo kwa kawaida ni ya daftari.

Lakini marehemu kutoka haimaanishi aliyebaki ndiye, huenda kuna Thomas wa tatu. Hapa ndipo Wamormoni wanapoingia, hata kama ukoo wenu haujawahi kuwa na Mmormoni.

Kanisa lao lilianzishwa Marekani 1830. Julai 1837, mwezi ule ule serikali ya Uingereza imeanza vyeti, wahubiri wao wakashuka Liverpool, na tarehe 30 wakabatiza watu wa kwanza kwenye mto Ribble pale Preston. Machi 1840 mhubiri wao mwengine, Wilford Woodruff, akaenda Herefordshire, akabatiza mamia ya watu, wengi wakiingizwa kwenye kidimbwi cha shamba la John Benbow. Ledbury iko Herefordshire. Mwaka huo huo meli zikaanza kuwapeleka mji wao wa Nauvoo, Illinois, na baada ya 1847 Utah. Vibarua, mafundi viatu, wafumaji, watu ambao kwao parokia iliwaandika mstari mmoja wakizaliwa na mwengine wakifa. Kule kwa Wamormoni yule yule kibarua kaandikwa siku ya kuzaliwa, mahali, baba, mama kwa jina la kwao, nani kambatiza, meli gani, na wengi wameacha hadithi ya maisha yao kwa mkono wao.

Basi acha kumtafuta babu yako, mtafute kaka yake. Chukua jina la ukoo na wilaya, mtie kila mwenye jina hilo kwenye hifadhidata ya wasifu ya historia ya kanisa lao, Church History Biographical Database, na ile ya wasafiri wa baharini, Saints by Sea. Mimi nlipata James, kazaliwa parokia ya wale wa Hannah, kabatizwa 1840. Hadithi ya maisha yake kurasa nne, anasema babake William mamake Hannah, na kwamba mdogo wake Thomas, fundi viatu, alikataa kumfuata akabaki Ledbury. Nlisoma sentensi hiyo mara tatu nikiwa nimesimama.

Uzito zaidi ulitoka kwenye daftari la Nauvoo la ubatizo wa wafu, 1840 mpaka 1845. Ndio, wafu. Waliamini ndugu aliyefariki anaweza kubatizwa kwa niaba, mtu hai anaingia majini, mwanzo ndani ya mto Mississippi kwenyewe, na jina la marehemu linasomwa. Shangazi aliposikia alisema astaghfirullah akaenda kuzima jiko. Lakini kwa mtafuta nasaba ni hazina, kwa sababu daftari linasema aliyeingia majini ni nani, marehemu ni nani, na wanahusianaje. James, 1841, Hannah, mwana. Nkarudi parokia, na kweli Hannah kazikwa huko 1838.

Tahadhari mbili za kusoma rekodi zao. Mmormoni habatizi mtoto mchanga, mchanga anabarikiwa tu, ubatizo ni miaka 8 na kuendelea, kwa hivyo usihesabu umri kutokana na tarehe hiyo kama unavyofanya na Waanglikana. Na wengi walibatizwa tena walipofika Utah, na tena mwaka 1856 na 1857 walipofanya matengenezo ya dini yao, kwa hivyo tarehe tatu za ubatizo si watu watatu. Madaftari ya matawi yao ya Uingereza nayo ukiona cut off mbele ya jina, huyo alifukuzwa, na wengi wa hao walibaki Uingereza, kwa hivyo endelea kuwatafuta kwenye sensa.

Kila ukipata kitu chukua skrinshoti ya ukurasa mzima, si mstari wako peke yake, majirani kwenye ukurasa mara nyingi ni mashemeji. Andika parokia, mwaka na nambari ya ukurasa kwenye jina la faili, mimi nina skrinshoti arubaini za mwanzo ambazo sijui hata moja imetoka wapi.

Huyu William mume wa Hannah ndoa yake nimeipata, 1815, katia X. Ubatizo wake haumo parokia hiyo, huenda alikuja kutafuta kazi, basi nimechora duara kwenye ramani la kilomita kumi kuzunguka kanisa na napita parokia moja moja, ubatizo kwanza alafu mazishi. Niko ya tatu. Shangazi kila Ijumaa ananiuliza nimefika wapi, na kitabu cha sala sasa amekitia ndani ya mkebe wa biskuti, mende wasikimalize.