Ukimfuata mwenzi wako nje ya Marekani, grini kadi haikusubiri

Afisa aliniuliza swali moja tu la maana: "Unaishi wapi?" Nikamjibu kama ambavyo ningemjibu jirani: "Doha, na mume wangu." Nilikuwa nimetoka kwenye ndege ya usiku kucha, mtoto mgongoni, na nilichosema kilikuwa kweli tupu. Haikupita nusu saa nikawa nimekalishwa chumba cha pembeni, simu imezimwa, mbele yangu kuna kalamu na fomu I-407.

Mume wangu ni raia wa Marekani, mimi nina grini kadi, yaani kadi ya makazi ya kudumu. Alipata mkataba wa miaka miwili na kampuni ya huko Qatar, ukaongezwa mwaka, ukaongezwa tena. Nikamfuata, ndoa ya simu mimi siiwezi. Kila baada ya miezi kumi nilirudi Marekani kwa wiki mbili, nikalala kwa wifi, nikamnunulia mtoto nguo, nikaondoka. Niliamini naitunza kadi. Kumbe kila safari nilikuwa naandika ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, hii habari ya "gusa ardhi tu kabla ya mwaka" tuiache. Naisikia misibani, naisikia harusini, na wanaoisema wanaisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma sheria. Ukweli ni kwamba ukikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, ukirudi unaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na afisa ana haki ya kukuhoji juu ya makazi yako. Ukipitisha mwaka mzima bila kibali cha kuingia tena, kadi peke yake haitoshi kukurudisha. Lakini hata ukirudi baada ya miezi kumi, au mitano, bado hujapona. Wanachotafuta ni nia: je, uliondoka kwa muda, au umehamia kwingine na sasa unakuja kutembea? Wiki mbili kwa wifi ni kutembea. Mimi mwenyewe ningekuwa yule afisa ningeuliza.

Tena kuna kesi ya mwaka 1988 iliyoamuliwa na Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, ambayo wakili wangu alinisomea nikahisi ninasomewa maisha yangu. Mwanamke mwenye makazi ya kudumu alikuwa Japani kwa sababu mumewe yuko huko, anarudi Marekani mara moja moja kwa muda mfupi. Bodi ikasema ameacha makazi yake. Kumfuata mume si kosa, ila safari ya muda lazima iwe na mwisho unaoonekana. "Tutarudi mume akimaliza" bila kusema anamaliza lini haihesabiki kuwa mwisho.

Hapa namgusa dada yangu aliyeko Toronto, anisamehe. Yeye ndiye aliyenihakikishia kwamba siku unazokaa nje na mwenzi ambaye ni raia zinahesabiwa kama umekaa nchini. Ni kweli, Kanada. Kule unatakiwa siku 730 ndani ya miaka 5, na siku za nje ukiwa na mwenzi raia wa Kanada zinaingia kwenye hesabu. Dada hakuniongopea, alinisomea sheria ya nchi nyingine. Na wewe unayesoma hii ukiwa Uingereza, yangu usiichukue: kwenu makazi ya kudumu ya kawaida hufutika ukikaa nje miaka 2 mfululizo. Kila nchi na mlango wake.

Shangazi naye, Tabora, alinipigia akicheka: "Si umesema kadi imeandikwa mpaka 2031?" Shangazi, hiyo ni tarehe ya plastiki. Haki ya kukaa inaweza kufa kadi ikiwa bado inang'aa.

Sasa turudi kwenye ile karatasi, maana hapo ndipo nusura nizame. Fomu I-407 ni ya kutamka kwamba umeacha makazi yako ya kudumu, kwa hiari. Afisa hakunifokea. Aliniletea maji, akamtabasamia mtoto, akasema nikisaini mambo yatakwenda haraka, naweza nikaruhusiwa kuingia kama mgeni. Nilikuwa nimeshaandika jina la kwanza. Ndipo nikaona juu ya ukurasa lile neno la kutelekeza, neno ambalo kwetu tunampa mwanaume aliyekimbia mke na watoto. Nikauliza: "Nimemtelekeza nani?" Nikaweka kalamu chini.

Usisaini. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa mambo mia kabla ya kusafiri na hili hakuna aliyeniambia: usisaini I-407 kwa uchovu, kwa aibu, wala kwa sababu mtoto analia. Ukikataa, afisa anatakiwa kukupa hati ya kufika mbele ya jaji wa uhamiaji, na mbele ya jaji serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba umeacha makazi, tena kwa ushahidi wa wazi na mzito. Kadi wanaweza kuichukua, lakini mpaka jaji aamue wewe bado ni mkazi, na una haki ya kupewa uthibitisho mwingine, kwa kawaida mhuri kwenye pasipoti. Ukisaini, hiyo yote umeigawa bure. Usisaini, na usidanganye pia. Uongo kwa afisa wa mpakani ni shimo jingine, na lile halina ngazi.

Jibu nililopaswa kutoa lilikuwa kweli ileile iliyopangwa vizuri: makazi yangu ni Marekani, niko Doha kwa muda na mume wangu, mkataba wake unaisha tarehe fulani, huu hapa. Sisi tukiulizwa unaishi wapi tunataja tulipolala jana. Tukiulizwa kwetu tunataja alipozikwa babu. Wao wana swali la tatu katikati ya hayo mawili, na ndilo lenye sheria.

Dawa yake ipo na inaombwa kabla ya kuondoka: kibali cha kuingia tena, fomu I-131. Lazima uwe ndani ya Marekani siku unayoiwasilisha. Huwezi kuiomba ukiwa Doha, Dubai wala Dar, na hapo wengi wanakwama kwa sababu wanaikumbuka wakiwa wameshafika. Tuma angalau miezi miwili kabla ya safari, kwa sababu utaitwa kuchukuliwa alama za vidole humohumo nchini. Ada iliwekwa kuwa dola 630 kuanzia Aprili 2024. Angalia ya sasa kabla ya kulipa. Kijitabu chenyewe kinaweza kuchelewa, lakini ukishatoa alama unaweza kuondoka na kuomba kitumwe ubalozi wa Marekani ulio karibu nawe. Kinadumu hadi miaka 2, hakiongezwi, ukitaka kingine unarudi kuomba upya. Na kama katika miaka 5 iliyopita umekuwa nje zaidi ya 4, kwa kawaida watakupa mwaka mmoja tu.

Kibali hiki nacho si hirizi. Kinazuia wasikuhukumu kwa urefu wa safari pekee. Mengine yote bado wanaruhusiwa kuyatazama.

Mengine hayo ni makaratasi, na hapa niseme ninachokiona kwa Wamarekani baada ya miaka yote hii. Ni watu wachangamfu, watakusaidia kusukuma gari kwenye theluji bila kukujua jina. Lakini ofisini neno lako halina uzito, wala la mjumbe wa nyumba kumi halina. Bili ya simu ina uzito. Sisi Watanzania tuliozoea kuzunguka RITA kwa vyeti vya kuzaliwa na NIDA kwa vitambulisho tunadhani tumeshakomaa kwa karatasi. Kule kwetu ukikosa moja utaomba na kubembeleza, huku hakuna wa kumbembeleza. Kwa hiyo acha akaunti ya benki inayotumika, leseni ya udereva hai, mkataba wa nyumba au hata wa chumba cha kuhifadhia vitu, na barua ya mwajiri wa mwenzi wako yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho, nasisitiza, maana mume wangu alikuwa na barua nzuri isiyo na tarehe.

Kodi ni mtego wa kimya. Mwenye kadi anatangaza mapato yake yote ya dunia nzima kila mwaka, hata kama mwishoni halipi senti. Kuna rafiki yetu aliyejaza kama asiye mkazi ili apunguziwe. Alichookoa ni kidogo, alichosaini ni ungamo kwamba yeye si mkazi. Jaza kama mkazi, tunza nakala.

Wengine watauliza kwa nini nisichukue uraia nikalala usingizi. Mkenya anaweza, katiba yake ya 2010 imemruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania bado anachagua, na mimi sijawa tayari kuirudisha pasipoti yangu. Kwa aliye tayari: kama mwenzi wako raia ametumwa nje na serikali ya Marekani au kampuni ya Kimarekani inayostahili, ipo njia ya kuomba uraia bila kusubiri ile miaka mitatu au mitano. Kampuni ya Doha haikuhesabika. Na ukikaa nje mwaka au zaidi, saa ya uraia kwa kawaida inaanza upya hata ukiwa na kibali mkononi.

Kesi yangu ilichukua zaidi ya mwaka na akiba yote ya Doha ikaishia kwa wakili. Nilishinda kwa tundu la sindano: kodi zilikuwa safi, na mume alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi.

Kama umeshapitisha mwaka nje bila kibali, usipande ndege kwa kubahatisha. Nenda ubalozini na fomu DS-117 uombe viza ya mkazi anayerejea, na uwe na ushahidi kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. "Mume aliongezewa mkataba" ni hoja dhaifu, jiandae. Na kama tiketi yako ni ya wiki ijayo na I-131 hujaituma, tiketi hubadilishwa kwa ada. Mwache mwenzi atangulie.