Kumwagilia shamba dogo huku kando ya ziwa: pampu iwe ya mwisho kununua

Huku Mwanza ukimtajia mtu kilimo cha umwagiliaji kitu cha kwanza anauliza ni pampu bei gani. Iache kwanza hiyo pampu. Kuna watu wana mashine ya inchi 3 inanguruma toka alfajiri, majirani wanaona huyu jamaa katoboa, ila ukikaa nae ukapiga hesabu ya petroli, vibarua na dawa unakuta hela anayobaki nayo ni ileile aliyokua anaipata akisubiri mvua, saa nyingine pungufu. Kwahiyo hapa naanza na tarehe, alafu lita, alafu udongo, mashine itakuja yenyewe.

Kwanza ujue maji yanakuongezea nini. Mazao yanaongezeka kwasababu mmea haukwami njiani, mahindi yakikosa maji wiki ile yanatoa mbelewele hata mvua ikija baadae gunzi linabaki na mapengo, nyanya ikikosa maji ikiwa kwenye maua inayadondosha, na ukiipa leo nyingi ukakaa wiki ukaipa tena nyingi unapata nyanya zimeoza kitako na zingine zimepasuka. Hilo kila mtu analiona. Kubwa zaidi ni kalenda. Huku kwetu vuli inaanza kama Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei, alafu Juni hadi Septemba shamba limelala linaliwa na ng'ombe. Mwenye maji anavuna mara mbili hadi tatu kwenye robo ekari ileile ambayo jirani anavuna mara moja. Na kuna jingine linakuja taratibu, mtu mwenye uhakika wa maji haogopi kununua mbegu nzuri na mbolea, maana kuweka mbolea huku unasubiri mvua ni kamari tupu.

Sasa tarehe. Tafuta kwanza unataka kuuza lini, alafu rudi nyuma. Nyanya inakaa kitaluni wiki 3 hadi 4, ikihamishwa shambani inachukua kama siku 60 hadi 90 kuanza kuvunwa kutegemea na mbegu, kwahiyo ukitaka mzigo wa kwanza uwe sokoni mwanzoni mwa Desemba, kitalu kiwe tayari Agosti. Hapa ndo wengi wanapigwa. Mvua za masika zikikata wote tunahamisha miche Juni, wote tunavuna Agosti na Septemba, magari yanajaa matenga kwenye masoko ya Igoma na Buhongwa na dalali anakupangia bei anavotaka. Umemwagilia vizuri, umevuna vizuri, umeuza bure. Nenda sokoni kaongee na akina mama wanaouza rejareja, sio madalali, waulize ni miezi gani wanahangaika kupata mzigo. Watakwambia bila kuficha. Kwa nyanya mara nyingi utasikia kipindi cha mvua nyingi maana baridi na ukungu vinaziua shambani, kwahiyo mwenye maji anaweza kuotesha mapema mzigo ukatoka kabla mvua hazijakolea. Vitunguu vyenyewe vinataka kukomaa na kukauka kwenye jua, hivo hivi ndo vya kiangazi hasa, na uzuri wake unaweza kuvihifadhi ukasubiri bei.

Lita. Hii hesabu ni rahisi na karibu hakuna anayeifanya. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, basi. Mboga kwenye jua la kiangazi huku zinahitaji kama milimita 5 kwa siku zikiwa kubwa. Ekari ni kama mita za mraba 4,000, kwahiyo ekari moja inakunywa lita 20,000 kwa siku, robo ekari lita 5,000. Fikiria sasa unamwagilia robo ekari kwa keni ya lita 10, ni keni 500 kila siku, hapo bado hujapalilia. Ndo maana ukiona mtu analima nusu ekari kwa ndoo ujue mimea yake inashinda na kiu, anailowesha juu tu.

Alafu kuna upotevu. Ukipitisha maji kwenye mfereji wa udongo karibu nusu inapotea njiani, kwahiyo ili ekari ipate 20,000 inabidi uvute kama 40,000. Kwa mpira wa kushika mkononi unavuta kama 27,000, kwa dripu, zile laini zenye matundu zinazodondosha maji kwenye shina, kama 22,000. Tuseme mashine yako inatoa lita 18,000 kwa saa na inakula petroli lita moja na kidogo kwa saa. Mfereji unakula zaidi ya saa 2 kila siku, dripu saa 1 na robo hivi. Tofauti ni kama lita moja ya petroli kwa siku, kwa sizoni nzima hata ukitoa zile wiki miche bado midogo unaongelea makumi ya lita. Hiyo ndo hela ya kulinganisha na bei ya laini za dripu.

Na usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la mashine. Ile ni bila kilima na bila mpira mrefu. Chukua pipa la lita 200, peleka mwisho wa mpira pale shambani, washa, shika saa kwenye simu. Likijaa kwa sekunde 40 hiyo ni lita 5 kwa sekunde, sawa na 18,000 kwa saa. Likijaa kwa dakika mbili una 6,000 tu, na ekari yako itakuweka hapo mchana kutwa.

Chanzo cha maji kina mambo yake. Ziwa lenyewe maji ni matamu, hayana chumvi ya kusumbua, ila sheria ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingoni, kwahiyo shamba likae nyuma ya hapo, maji ndo yafuate shamba. Kuvuta maji kwa pampu kwa ajili ya kilimo unatakiwa uwe na kibali cha kutumia maji, kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na mkiwa kikundi inakua nafuu kuliko kila mtu kivyake. Kingine, usijenge kibanda cha mashine mahali ambapo ziwa limeishia leo. Mwaka 2020 maji yalipanda yakaingia mpaka kwenye nyumba na mialo, 2024 tena yakapanda. Mashine iwe ya kubebeka, iende na maji yanapokwenda.

Wa Misungwi, Magu na Kwimba wa ndani ndani ambao ziwa wanalisikia tu, nyie ni lambo au kisima. Pima lambo linavoshuka kiangazi kabla hujapanda, chomeka mti wenye alama, ukiona hadi Agosti limeshuka nusu basi punguza eneo usisubiri likukaukie nyanya zikiwa na maua. Kisima kikiacha unga mweupe juu ya udongo baada ya kumwagilia hiyo ni chumvi, vitunguu na maharage havitaipenda.

Haya, mashine. Pampu inajua kusukuma kuliko kuvuta. Kwenye vitabu wanasema inavuta maji toka chini mita 7, ila sisi huku ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwahiyo mita 5 mpaka 6 ndo mwisho wa kujiaminisha. Isogeze karibu na maji, mpira wa kuvutia uwe mfupi na mgumu, alafu ule wa bapa wa kusukumia ndo urefushe. Mashine ikigoma kuvuta usikimbilie kubadili plagi, angalia kwanza maungio ya mpira wa kuvutia kama yanapitisha hewa na kama ile valvu ya chini yenye chujio imefungwa na magugu maji, mara nyingi tatizo liko hapo. Chujio lenyewe lifunge kwenye dumu tupu lielee kidogo chini ya uso wa maji, lisilale kwenye tope.

Kwa robo ekari mtu asie na mtaji, pampu ya kukanyaga bado inafanya kazi, inatoa kama lita 3,000 kwa saa mkipokezana wawili. Sola ni nzuri maana ukishanunua hakuna mafuta, ila yenyewe inataka simtanki maana inasukuma kidogokidogo kutwa. Na simtanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5, usilipandishe kwenye jukwaa la miti ya mikaratusi uliyokata jana. Mita 2 kwenda juu zinatosha kwa dripu ya mteremko.

Dripu, mistari ikiwa mita 1 kwa 1 ekari inakula mita 4,000 za laini, kwahiyo anza na robo. Filta ni lazima aisee, maji ya ziwa yana mwani wa kijani na laini zikiziba unajua siku mimea ikianza kunyauka mmoja mmoja. Kila wiki fungua ncha za laini maji yatoke kwa kasi mpaka yawe meupe.

Kama hela ya dripu haipo usijione umechelewa. Tengeneza matuta ya kuzama, weka samadi iliyooza, tandaza majani makavu au pumba za mpunga kwenye mashina, mwagilia asubuhi kwenye mzizi na sio kwenye majani. Kumwagilia majani jioni ni kualika ukungu. Matandazo peke yake yanaweza kukupunguzia siku ya kumwagilia, na hayauzwi dukani.

Udongo ndo unaamua mwagilie kila baada ya siku ngapi. Luseni, ule wa mchanga, haushiki maji, mpe kidogo kila siku au kila baada ya siku moja. Mbuga nyeusi, ule udongo wa mfinyanzi, inashika, mpe ya kutosha alafu kaa siku kadhaa, ila usiiache mpaka ipasuke maana maji yatapitia kwenye nyufa yaende chini bila kugusa mizizi. Kujua muda umefika, chimba kwa kijiti pembeni ya mche sentimita 15, toa udongo wa chini kabisa, ufinye kwenye kiganja. Ukishikana ukawa donge, kiganja kikabaki na ubaridi bila kulowa, rudi kesho. Ukisambaratika, mwagilia leo (luseni unasambaratika haraka hata ukiwa na unyevu, wenyewe sikilizia ubaridi). Ukitoa maji kati ya vidole, unachoma petroli kuzamisha mizizi. Juu ya tuta pasikudanganye, saa tano asubuhi juu kote kumekauka hata kama jana ulimwaga bahari.

Ukishatatua maji utagundua mengine yanajitokeza. Mimea ikikua haraka inataka chakula haraka, na maji mengi yanaosha mbolea kwenda chini, kwahiyo CAN, ile mbolea ya kukuzia, gawa mara mbili au tatu usiimwage yote siku moja. Mpango wa sasa wa mbolea ya ruzuku ulianza msimu wa 2022/23 na unataka uwe umesajiliwa, kamuone afisa ugani wa kata mapema. Alafu kulima nyanya mwaka mzima sehemu moja ni kumfuga kantangaze, yule mdudu anaetoboa majani na matunda ya nyanya, na ugonjwa wa mnyauko, zungusha, ukitoa nyanya weka mahindi mabichi au vitunguu, pilipili hoho na nyanya chungu ni ukoo uleule hazisaidii.

Kuna afya pia. Mwambao wote huu una kichocho, na konokono wake wanakaa hapohapo kwenye majani ya ukingoni unaposimama kuchota. Vaa gambuti, chota alfajiri kuliko mchana, watoto wasitumwe kuingia majini kushika chujio. Sehemu zenye viboko na mamba sihitaji kueleza.

Mwisho upime kama kweli umwagiliaji umekuongezea. Acha matuta mawili uyamwagilie kama ulivokua unafanya zamani, mengine kwa mpango mpya, mbegu moja mbolea moja. Vuna kila upande kivyake, pima kwa mizani maana tenga linajazwa na kila mtu kwa namna yake, andika kwenye daftari kilo, lita za petroli, siku za vibarua na bei uliyouzia. Angalia hela iliyobaki kwa kila lita ya petroli, hiyo itakwambia uongeze eneo, ununue dripu au ubadili zao. Wengine wanagundua robo ekari iliyoshiba maji na mbolea inawalipa kuliko ekari nzima yenye kiu.

Sizoni ikiisha mwaga maji yote yaliyobaki kwenye pampu, toa petroli kwenye tenki na kwenye kabureta, badili oili. Laini za dripu zikunje zikiwa kavu uzitundike juu darini mbali na ukuta, panya wanazipenda kweli, na ukishaanza kuunga laini kwa vipande vya mpira shinikizo linashuka mstari mzima.